Hii Gari ya Chai, Ile Gari ya Mimi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na picha zote saba nimezitazama, kwanza bila miwani, kisha na miwani. Subaru Impreza ya buluu, rimu za dhahabu, bomba la moshi lenye mdomo mpana kama kikombe cha ulanzi. Gari ni zuri, sitasema uongo. Unasema fedha za viazi zimefika nusu ya bei, nusu iliyobaki utakopa, mimi niwe mdhamini, na dhamana iwe shamba la misindano aliloliacha marehemu baba yako kule Lupembe. Ukaomba jibu fupi.

Jibu fupi ni hapana. Lakini mjomba hakatai akanyamaza. Tena najua ujumbe huu utazunguka kwa wenzako wote hapo stendi ya Makambako, kwa hiyo nawaandikia nyote mnaoota magari ya mbio huku mkiwa mmepakizana watatu kwenye bodaboda.

Wala msinione adui wa magari mazuri. Kilichoko bandani kwangu chini ya turubai mnakijua. Wengine wenu mlikuwa mkitoroka shule kuja kuchungulia. Nataka leo niwaambie kilifikaje pale, maana sehemu kubwa ya hadithi hiyo huwa naificha.

Mwaka 1968 nilikuwa kijana wa gereji kwenye shamba moja la chai upande wa Njombe. Kazi yangu ilikuwa kuosha spea kwa dizeli, kumulika tochi na kutumwa. Meneja wetu, Mwingereza mwembamba asiyevua kofia, alikuwa na magari mawili. La kwanza Land Rover ya chesesi ndefu, milango imebonyea, kiti cha dereva kimeshonwa kwa gunia la mbolea. Hilo ndilo alilolipanda kila siku ya Mungu: alfajiri kwa wachumaji, saa nne kiwandani, jioni mjini kuchukua barua. Likirudi huoni rangi yake, ni udongo mwekundu mpaka kwenye vitasa.

La pili lilikaa bandani. MGB, viti viwili, paa la kitambaa, magurudumu ya spoki kama ya baiskeli, rangi ya kijani iliyokolea kama majani ya chai yaliyotoka kunyeshewa. Masika yakianza tulilipandisha juu ya magogo manne ili tairi zisibonyee upande mmoja kwa kusimama. Kila Jumamosi alasiri nilitumwa nikavue turubai, niwashe injini, niiache iungurume mpaka mshale wa joto usimame katikati, nizime, nifunike. Kiangazi, tena Jumapili moja moja tu, alilitoa akaenda nalo alikokwenda, akarudi mashavu mekundu kwa baridi, anacheka peke yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiende mjini na lile zuri. Aligonga bodi la Land Rover kwa kiganja: "Hii gari ya chai." Akaonyesha banda kwa kidole: "Ile gari ya mimi." Akaondoka.

Kiswahili cha jikoni, tulikicheka wiki nzima. Nilimwona mpumbavu. Mtu ana gari linalopita maili 100 kwa saa, halafu anakwenda posta kwa debe!

Pasaka ya mwaka huohuo sisi vijana wa gereji tulikuwa tumelizunguka redio la mpishi tukisikiliza habari za Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na kwetu. Mvua ilinyesha mwaka ule mpaka magari 7 tu yakamaliza. Na lililoshinda lilikuwa Peugeot 404. Si mara ya kwanza: 404 ilishinda 1963, na 1966 na 1967 ilishinda mikononi mwa Bert Shankland, ambaye makazi yake yalikuwa hapahapa Tanzania. Sasa nani kati yetu hakuwahi kupanda 404? Ilikuwa teksi, ilikuwa pikapu la maziwa, ilibeba maharusi na maiti. Mwaka 1965 alikuwa ameshinda Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant pembeni. Joginder alikuwa mtu wa spana, aliyewahi kufanya doria ya kuwaokoa wenye magari yaliyokwama njiani. Gari lake lilikuwa Volvo PV544, gari la familia lenye mgongo wa kobe, tena la mtumba. Hebu lifikirie hilo: katika tope la nchi hii, magari yaliyotamba miaka ile ni yaleyale yaliyopeleka watu sokoni Jumatatu.

Najua utanijibu nini. Utasema 1971 na 1973 lilishinda Datsun 240Z, gari la mbio hasa, boneti ndefu, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja. Kweli. Utasema Subaru yako ilishinda 1997 na Colin McRae na 2000 na Richard Burns. Kweli pia. Lakini waulize walioyaona magari yale: yalinyanyuliwa juu, yakafungwa bomba la kuvutia hewa ubavuni mwa kioo ili yavuke mito, helikopta inayatangulia angani kuangalia ng'ombe, na kila kituo mafundi wanasubiri na shokapu mpya mkononi. Wewe umeniandikia kwamba la kwako utalishusha chini. Kutoka Kibena kuingia Lupembe, Machi, na gari lililoshushwa! Utalisukuma, mpwa wangu, na watakaokusaidia kusukuma watakudai.

Turudi kwangu. Nilihamia Makambako wakati reli ya Tazara inajengwa, kati ya 1970 na 1975. Mji ulikuwa upepo na vumbi, lakini malori ya Zambia yalipita usiku na mchana na hakuna lori lisiloharibika. Nilitengeneza klachi na rejeta za watu mpaka 1978 nikanunua pikapu langu, Peugeot 404. Ah, lile pikapu. Lilibeba viazi kwenda kwa wanunuzi, likarudi na mabati na saruji. Lilibeba wagonjwa kwenda Ilembula hospitali, saa nane za usiku, bila kugoma. Nyumba ninayokaa ni lile pikapu lililoijenga. Mke wangu, mkaza mjomba wako, huwaambia hivyo wageni mpaka leo, na huwaambia nikiwapo.

MG ilikuwa imeshauzwa. Meneja aliporudi kwao aliinunua mfanyabiashara mmoja, mtu wa haraka, akaifanya gari la kila siku. Alifunga magunia ya mahindi juu ya buti. Springi za nyuma zikakatika, bodi likaanza kula chini ya milango, mwishowe akaiegesha chini ya mparachichi na kuku wakatagia kwenye viti. Niliiona 1981. Magurudumu mawili yalikuwa hayana spoki. Nilisimama pale kama mtu aliyemkuta mwalimu wake wa zamani analala barabarani.

Hapa ndipo ninapopaficha. Mwenye MG alitaka fedha taslimu, na mimi fedha sikuwa nazo. Nikauza pikapu. Nikamwambia mke wangu ni mpango wa miezi sita: nitaifufua, nitaiuza kwa bei kubwa Dar es Salaam, nitanunua pikapu mbili. Alinitazama akauliza swali moja: "Hilo lina mgongo?" Maana yake, lina pa kubebea? Sikujibu.

Ulikuwa mwaka gani ule wa kuchezea magari! Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha juzi, mafuta yamepanda, sukari kwa foleni. Spea ya Land Rover tu ulikuwa huipati, sembuse ya MG. Na serikali ilikuwa imepiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana matumizi ya petroli. Nikawa na gari la Jumapili katika nchi iliyoifunga Jumapili. Gari lenyewe lilikuwa la zamani kidogo, la kabla ya 1967, na MGB za wakati ule chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, si hasi kama magari mengi. Kijana wangu wa gereji alipeleka betri kuchajiwa, akarudi akaifunga kama alivyozoea. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, mwembamba, mweupe, na harufu yake naisikia hadi leo. Dainamo kwaheri. Nilitaka kumpiga, kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimemwambia.

Msimu huo viazi vyetu vililala shambani siku kumi na mbili vikisubiri lori la mtu. Tulipolipata, nauli ilimeza faida. Mke wangu alijitwika debe la viazi mpaka barabara kuu, mjamzito, na mimi fundi mwenye gari la kifahari nikimfuata nyuma na debe jingine. Tulipita mbele ya gereji, MG imekaa pale juu ya mawe. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Nilirudi kuajiriwa kwenye gereji ya mwingine kwa miaka minne. MG niliiinua kwenye magogo nikaifunika, kama nilivyofundishwa. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, pikapu zikaanza kuonekana tena barabarani, na 1986 nikapata moja, Datsun iliyochoka, mlango mmoja wa rangi nyingine. Siku nilipoingia nayo nyumbani mke wangu hakuitazama usoni. Alizunguka nyuma, akapiga karai lake kwa mkono, akasema: "Huu ndio mgongo."

Pikapu hilo ndilo lililoilea MG. Kila mzigo wa viazi, senti kidogo ziliwekwa kwenye kopo la maziwa. Huko Uingereza nako, 1988, walianza kutengeneza upya bodi nzima za MGB, kwa sababu magari hayo yalitoka zaidi ya nusu milioni tangu 1962 hadi 1980 na wenyewe bado wanayapenda. Kwa hiyo spea zikawa zinapatikana kwa barua na uvumilivu. Kabureta zake mbili nilizipata hivyo, na vipande vya chini ya milango nikavichomelea mwenyewe. Iliwaka 1992. Miaka kumi na mmoja, mpwa wangu, kwa kazi niliyoahidi miezi sita.

Leo mnaniona na Probox na kunitania. "Mjomba ana MG halafu anatembea na Probox ya mwalimu wa shule!" Ndiyo. Na nikiwa na mzigo natembea na kipikapu cha Kirikuu, na nikiwa na haraka ya kwenda benki napanda bajaji. Probox haina wivu. Ukiikwaruza kwenye nguzo ya soko, haikununii. Viti vinalala, gunia la mbegu linaingia, kuku wanaingia, mama mwenye kitanda cha mbao anaingia akiomba vizuri. Spea unazipata dukani hata Jumapili, na kila kijana mwenye spana kati ya hapa na Songea anaijua kwa kupapasa. Ni gari la chai.

Watazameni wenye magari ya thamani walio karibu nanyi. Yupo mtu wa mbao hapa Makambako mwenye Mercedes ya milango miwili ya miaka ya 70. Ninyi hamjawahi kuiona, mnaiona Canter yake tu. Yupo daktari mstaafu Njombe mwenye Volkswagen aliyoipaka rangi upya mara tatu, na kliniki anakwenda kwa Noah. Hata wale matajiri wanaokuja na meli kushindana kwenye Safari ya magari ya kale, iliyoanzishwa 2003, wakati mwingine wakashuka mpaka Tanzania, chunguza msafara wao: nyuma ya kila Porsche 911 kuna pikapu lenye vumbi limebeba tairi, jeki na mafundi. Björn Waldegård, Mswidi, alishinda mashindano hayo 2011 akiwa amepita miaka 65, mwanawe akimsomea njia. Picha walipiga mbele ya Porsche. Hakuna aliyelipiga picha pikapu.

Kwa hiyo sikukatazi Subaru. Nakukataza kuifanya ibebe maisha yako, maana haikuundwa kwa hilo. Nawe ukilazimisha mtaumizana. Injini ile silinda zake nne zimelala ubavuni, mbili huku mbili kule. Kubadili plagi tu fundi anachubuka vidole, na fundi akichubuka bei inapanda. Ina taabo, na taabo inataka oili safi kwa wakati, si oili utakayonunua viazi vikiuzwa. Na hiyo kasi utaitumia wapi? Kutoka Makambako mpaka Njombe ni kilomita kama 60, na karibu kila kijiji kina alama ya 50 na askari mwenye tochi. Faini kila akikumulika. Nimewahi kuwaona vijana watatu na gari zuri wakilipa mara mbili kabla ya kufika Njombe, kisha wakaniomba mafuta.

Usiniletee habari za wasichana. Mama yako mdogo aliolewa na mtu mwenye baiskeli.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni misindano. Baba yako aliipanda kwa mikono yake, na nilikuwepo. Alikuwa anakohoa tayari, anachimba shimo, anapumzika, anachimba jingine. Sasa ina miaka 9. Msindano wa miaka 9 ni fito, mpwa wangu. Atakayekukopesha anajua hilo. Anajua pia kwamba akiushika miaka mingine kumi utakuwa mbao. Yeye ana subira ambayo wewe unaikosa, na hiyo ndiyo biashara yake. Mikopo mnayoiita wenyewe kausha damu, mmeipa jina sahihi halafu mnaipigia foleni.

Fedha za viazi ulizo nazo zinatosha Kirikuu iliyotumika, na chenji ya kubadilisha tairi na kulipa bima kubwa. Nimeshaulizia mbili, moja iko Njombe mjini, chesesi haijala. Nitakwenda nawe, nitalala chini ya gari mwenyewe na tochi yangu, na muuzaji akinificha kitu nitakijua. Miaka mitatu ya kubebea watu viazi, parachichi na mbao kwa kulipwa, ukiweka kando kidogo kidogo, nenda kanunue Subaru yako kwa fedha taslimu, na mimi nitakujengea banda kwa mabaki ya mbao zangu. Bure. Siku hiyo nitaomba lifti.

Mama yako nimeshampigia simu. Karatasi za shamba zimo kwenye sanduku lake na ufunguo ameufunga kwenye khanga. Usimsumbue.

Jumamosi hii napeleka mbegu za viazi Lupembe. Tutapita shambani kwa baba yako tuikate misindano matawi ya chini, imeanza kubanana. Njoo saa kumi na mbili kamili asubuhi, uvae gambuti, uje na panga. MG itatoka Juni, mvua zikishakatika. Utaiendesha wewe kwenda Njombe, mimi nitaiendesha kurudi. Petroli utanunua wewe.